Vibaki Vifungo Vitano

Nyumbani, 4 Februari

Kwa mpwa wangu, Bi Hesabu,

Salamu zikufikie na zikukute umekaa, maana nasikia huko ofisini kwenu kazi yenyewe ni kukaa. Sisi huku wazima. Mama yako mzima, na ulimi wake mzima kumpita yeye. Macho ndiyo yanazidi kumpa mkono wa kwaheri, lakini jana alitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, na nilipotaka kumsaidia akanitukana. Anasema mtu aliyeshona sare za shule nzima kwa miaka thelathini hahitaji macho ya mchimba visima. Nikamwambia, mdogo wangu, mchimba visima ndiye anayejua kazi ya gizani. Akanirushia tepu ya kupimia, na kwa mtu asiyeona vizuri alinipata barabara. Jogoo wetu, yule Karani, bado anawika saa nne asubuhi, na akishawika anapumzika.

Sasa nije kwenye jambo. Dereva wa lori la mikate ameniletea kifurushi chako. Nimekuta kijiti cha kioo ndani ya bomba la plastiki, kimefungwa uzi mrefu, na karatasi inayoniamrisha nikishushe kisimani kila asubuhi, nihesabu mpaka mia mbili, nikipandishe, niandike nyuzi za joto, nikuletee kila mwezi. Mpwa wangu, nimechimba visima arobaini na vitatu kabla ya goti kunigomea, na hiki cha nyuma ya nyumba ndicho cha mwisho. Maji hupimwa kwa kuyanywa. Kisima kupimwa homa nimesikia kwako.

Haya, hilo ningelicheka likapita. Lakini siku mbili kabla ya kifurushi alipita mtu mmoja mwenye koti la mvua na mkebe wa rangi nyekundu, akaandika 17 kwenye ukuta wetu, hapo karibu na dirisha la mama yako. Nikamuuliza, "Bwana, unauza au unanunua?" Akasema, "Mzee, mimi naandika tu." Anaandika tu! Hata hukumu huandikwa tu.

Rangi imekuja Jumapili, kijiti Jumanne. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini moja na moja tulimaliza darasa la kwanza. Je, ile rangi ni yenu? Nijibu kwa mkono wako, si kwa simu. Simu husema ikasahau. Karatasi ikisema imesema.

Mjomba wako, mwenye nyumba ambayo sasa ina namba.


Mjini, 19 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpelekee Mama, umwambie nimepata ile nguo aliyonishonea na mabega yamekaa sawasawa kana kwamba alinipima jana. Mimi mzima. Chumba nilichohamia kina dirisha moja linaloangalia ukuta wa kiwanda cha magodoro, kwa hiyo usingizi naletewa mpaka mlangoni.

Umenicheka kuhusu kazi yangu, na nimekubali kuchekwa, ila nieleze kidogo ili ucheke kwa kujua. Ofisini tuko watatu kwenye chumba kimoja. Kushoto kwangu anakaa anayehesabu mawe ya angani, yale makubwa yanayoweza kuanguka na kuufunika mchana kwa vumbi. Mimi nahesabu ya chini: matetemeko na milima inayolala na moto tumboni. Mbele yetu anakaa mkubwa wetu, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya buluu ya kuandika na moja nyekundu ya kufuta. Akifurahi hucheka kwa pua tu.

Jiwe la kuangamiza nchi nzima ni jambo la nadra mno, lakini likija halichagui. Mlima kama huo wenu huamka mara nyingi zaidi kuliko hilo jiwe, ila ukiamka unawakomba walio karibu. Kazi yetu ni kuyatia yote mawili kwenye mizani moja na kuuliza: macho yetu machache tuyaelekeze juu au chini? Kwa mlima wenu, hesabu ya mwaka huu inasema moja katika mia. Si kitu cha kumnyima mtu chakula, Mjomba. Wala si sifuri.

Ndiyo maana nakuomba unipimie kisima. Maji ya chini hujua habari kabla yetu.

Jambo jingine. Hapa mjini kuna daktari mzuri wa macho. Naomba Mama aje akae nami miezi miwili mitatu achunguzwe. Nawe ukimsindikiza ukae, godoro sitakosa.

Mpwa wako.


Nyumbani, 6 Machi

Bi Hesabu,

Barua yako tumeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti na mara ya pili kimyakimya. Mama yako anashukuru kwa mabega. Anaugua jino, anatafuna upande mmoja na kugomba pande zote mbili. Karani amepata mchumba, kuku mwekundu wa fundi mwashi, jirani yetu wa namba 18.

Hiyo moja katika mia yako imetusumbua. Mama yako akasema mia ni kitu cha kushikwa mkononi, si cha kusemwa, akaleta lile bati lake la vifungo. Tumehesabu vifungo vyeupe tisini na tisa, vya mashati, vyenye matundu manne, na kimoja chekundu cha koti, chenye matundu mawili. Vyote ndani ya bati. Kila asubuhi baada ya chai mmoja wetu anatia mkono na kuchota kimoja bila kuangalia, kisha anakirudisha. Mama yako nimemfungia. Anadanganya: anapapasa matundu kwanza, akikuta mawili anakiachia. Ati, "Mimi siwezi kuua watu kwa mkono wangu."

Basi siku ya tisa nikakitoa mimi. Chekundu! Nikatoka nacho mpaka barabarani, nikamwonyesha fundi mwashi, nikamwonyesha mama wa mashine ya kusaga, nikawaambia mpwa wangu wa ofisi ya maafa kasema leo ndiyo leo. Tukatazama mlima mpaka jioni. Ng'o. Hata kikohozi. Tumecheka kwa wiki nzima, na mama wa mashine kila akiniona ananiuliza, "Mzee, umechota nini leo, tuanze kulia?"

Sasa tuache utani. Nilikuuliza swali moja, ukanijibu kumi ambayo sikuuliza. Mawe ya mbinguni umenipa, kalamu mbili umenipa, daktari wa macho umenipa. Rangi hukunipa. Fundi mwashi, ambaye haamini hata kivuli chake mpaka akipige teke, anasema amesikia kuna watu wanaoutaka mteremko huu wote kwa ajili ya kokoto, na kwamba kwanza huja namba, kisha huja daktari wa kuwaondoa wazee, kisha huja magari. Nilimwambia mpwa wangu si mtu wa namna hiyo. Akasema, "Mpwa ni wako, ofisi si yako." Nikamwacha hapo, nikaja kukuandikia.

Nyuzi za kisima ndizo hizi kwenye karatasi ya pili: kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na tisa, na kuendelea mpaka chini. Kisima hakina homa. Mwambie huyo mwenye kalamu mbili kwamba hapa hakuna mgonjwa, na kwa hiyo hakuna wa kuhamishwa.

Mjomba wako, mwenye macho mazima mawili.


Mjini, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kukawia. Barua yako ilikaa siku nane kwenye lori kwa sababu dereva wa mikate aliuguliwa, kisha ikakaa kwangu siku nyingi kuliko hizo, kwa sababu kila nikishika kalamu naiweka. Mwambie Mama nimemtafutia dawa ya jino, dereva anayo, asugulie taratibu.

Kwanza vifungo. Mia yangu ni ya mwaka mzima, Mjomba. Mkono mmoja ndani ya bati, mara moja kwa mwaka. Wewe umechota miaka tisa kabla ya mwezi kuisha.

Pili, rangi. Ndiyo, ni yetu. Namba ni za nyumba zenye visima tunavyovipima na za majirani zao, kuanzia ya kwanza mpaka ya thelathini. Hakuna kokoto. Kwa nini sikukujibu? Kwa sababu nimetia sahihi karatasi. Miaka sita iliyopita ofisi yetu iliwahamisha watu wa mlima mwingine, wakalala kwenye mahema miezi miwili, mlima haukufanya kitu, na waliporudi walitupiga mawe tukabaki bila kioo hata kimoja. Tangu hapo hakuna anayeruhusiwa kumwambia mtu yeyote neno lolote mpaka mkubwa wetu atangaze, na hatangazi mpaka awe na hakika, na hakika ndicho kitu pekee ambacho kazi yetu haina. Tena ndugu wa mfanyakazi haruhusiwi kuwa mwangalizi. Ofisini wewe si mjomba wangu. Wewe ni Mwangalizi namba 17.

Tatu, na hili ndilo lililonizuia kalamu. Mwangalizi namba 17 anasifiwa sana. Hakukosa siku hata moja. Visima viwili vya juu yako, cha namba 12 na cha 14, vimepanda kutoka nyuzi ishirini mpaka ishirini na nne. Mkubwa wetu ameviangalia, akaangalia na karatasi yako, akasema kisima cha chini yao kisipopanda basi hao wa juu hawajui kupima. Akatoa kalamu nyekundu akavifuta. Hesabu imebaki moja katika mia, kwa ajili yako.

Nimekaa na karatasi yako mbele yangu. Siku thelathini, kumi na tisa thelathini. Mjomba, nimesoma vipimo vya visima vya nchi nyingi, sijapata kuona kimoja kisichotikisika hata nusu. Sikuulizi kama mpwa. Nakuuliza kama mtu anayemuuliza fundi wa visima: kile kijiti ulikishusha wapi?

Mpwa wako.


Nyumbani, 9 Aprili

Mpwa wangu,

Mama yako jino limetulia na anakusalimu. Karani na mchumba wake wameachana. Mvua kidogo.

Nataka nikupe hadithi, na usiniharakishe. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii, fundi wangu aliniteremsha kwenye shimo la urefu wa watu saba. Shimoni mtu hushuka na taa ya kandili, si kwa ajili ya mwanga tu. Taa ikizimika yenyewe, hewa imeoza, unapanda. Basi fundi yuko juu ameshika kamba, anaita, "Taa inawaka?" Nami nimeshaona udongo umelowa, nimebakiza mkono mmoja nifike kwenye maji, na sifa zote ziwe zangu. Taa imekwisha kuzima. Nikasema, "Inawaka!" Akauliza tena, nikasema inawaka. Mara ya tatu sikujibu, maana nilikuwa nimelala na uso kwenye tope.

Alinivuta. Akanipiga kofi nikazinduka, kisha akanipiga la pili nilipokwisha zinduka, hilo lilikuwa langu rasmi. Akaniambia: "Kazi hii ina sheria moja. Aliye shimoni hamdanganyi aliyeshika kamba, na aliyeshika kamba hamfichi aliye shimoni. Mengine yote ni koleo."

Haya, kwa sheria hiyo: nilikitia mtungini.

Kijiti nilikitia kwenye mtungi wa maji ya mvua ya kunywa, pale pembeni ya jiko, palipo na kivuli. Nilisema moyoni, kama wanatafuta kisababu cha kutuondoa hapa, hawatakipata kwangu. Na siku nyingine hata mtungini sikukitia. Niliandika tu. Ndiyo, neno lilelile la yule mwenye rangi, na wewe cheka.

Aliyenikamata ni mama yako. Nilipomsomea barua yako, mahali pa sifa za Mwangalizi namba 17, akaweka sindano chini akasema, "Mwezi wa pili huu maji ya mtungi yana ladha ya plastiki. Nilidhani ni jino." Halafu akasema, "Kaka, ama unamwandikia mtoto ukweli, ama huo mtungi unauvaa." Mpwa wangu, huyo mwanamke haoni mlango lakini anaona ndani ya mtu.

Basi tangu siku ile nakishusha kisimani, mpaka chini, nahesabu mia mbili. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Ishirini na saba. Ishirini na tisa leo. Uzi wenyewe unatoka na harufu ya kiberiti kilichowashwa. Nimeonja maji: yana ukali wa chuma. Nilikwambia maji hupimwa kwa kuyanywa, na mimi niliyesema hivyo sikuyanywa kwa miezi miwili, nikabaki kunywa kiburi.

Nilikuwa shimoni nikasema taa inawaka. Lakini na wewe umeshika kamba, na karatasi uliyotia sahihi inakwambia unifiche. Mimi nimetimiza upande wangu, ingawa kwa kuchelewa. Sasa wewe. Vifungo vingapi?

Dereva ameniahidi hatasimama njiani hata kwa mteja wa mkate mmoja.

Mjomba wako.


Mjini, 15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Hapa hatujambo, mvua imeanza.

Karatasi yako niliiweka mezani kwa mkubwa wetu, nikamwambia za mwanzo zilikuwa na kosa. Aliuliza kosa gani. Nikasema la mwangalizi. Akauliza kama namfahamu huyo mwangalizi. Nikasema namfahamu kwa namba. Alinitazama, akafungua kalamu ya buluu, akaifunga, akasema suala litajadiliwa kwenye kikao cha wiki ijayo, au cha ile inayofuata.

Hayo ni ya ofisi, na ya ofisi siwezi kukueleza zaidi, kwa sababu nimetia sahihi. Kwa hiyo nakuandikia habari za nyumbani tu.

Mwambie Mama vile vifungo kwenye bati ni vingi mno. Apunguze. Vibaki vitano, na kile chekundu kiwemo.

Na kuchota msingoje mwaka. Ni wiki hii.

Mpwa wako.


Shule ya bondeni, chumba cha darasa la tano, 4 Mei

Bi Hesabu wangu,

Unaona nilipoandikia? Hatimaye mjomba wako amefika darasa la tano. Imechukua miaka sitini na kitu, nimeingia na godoro badala ya madaftari, lakini nimefika. Mama yako yuko dirishani na cherehani yake, anatia viraka nguo za watu wote wa chumba hiki na kuwauliza habari zao za ndani kama malipo. Mzima kabisa. Mimi mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua umesikia kwenye redio na hukupata usingizi hata na kiwanda cha magodoro.

Nilipomsomea mama yako ile barua, aliinuka. Akaleta bati, akamwaga mezani, akavitenga kwa vidole: vinne vyenye matundu manne, kimoja chenye mawili. Akavirudisha vitano ndani, akalitikisa. Mpwa wangu, bati lenye vifungo mia linasikika kama mvua. Lenye vitano linasikika kama mtu anabisha hodi. Akasema, "Fungasha cherehani kwanza."

Nilitaka kuwa muungwana, nikaanza kwa kuwaambia watu ukweli. Nilikwenda kwa mama wa mashine ya kusaga, nikamwambia mlima unaamka, kisima changu kina joto, tushuke bondeni. Akapiga kofi la kicheko. "Mzee, leo umechota chekundu tena?" Nikajaribu nyumba mbili nyingine, ikawa kicheko hichohicho. Nilijipikia mwenyewe mwezi wa tatu, nikala mwezi wa nne.

Basi nikarudi nyumbani nikaanza kung'oa mlango. Sikuwa na ujanja wowote kichwani, wallahi. Mlango ni wa mbao ngumu, niliuchonga mwenyewe, sikutaka kuuacha. Fundi mwashi akaja ukutani, akaegemea.

"Mzee, unahama?"

"Sihami."

"Na mlango?"

"Unakwenda kupunga hewa."

"Bondeni?"

Nikageuzia bisibisi bawaba ya pili.

"Wamekupa kiwanja," akasema.

Nilitaka kumwambia hapana, lakini mdomo ulikuwa umebana misumari. Akaniangalia, akaangalia lile 17 jekundu, akaangalia 18 lake. Macho yakamtoka. "Yule mpwa wako! Ndiyo maana! Viwanja vinagawiwa huko chini, na wewe umenyamaza ili uchague cha kona!"

Mpwa wangu, hapo ndipo nilipotoa misumari mdomoni na kumwambia neno pekee ambalo lingemwokoa. Nikamwambia, "Tafadhali, usimwambie mtu."

Kabla ya adhuhuri mama wa mashine alikuwa amepakia mashine. Siku ya pili nilihesabu milango kumi na mmoja kwenye vichwa vya watu ikishuka njia ile. Wengine walinipita wakikimbia ili wafike bondeni kabla yangu, na hawakunisalimu. Ukweli niliwapa bure wakaukataa. Siri niliwanyima wakaipigania. Siku ya tatu mteremko wote hadi namba 30 ulikuwa mtupu, isipokuwa Karani, ambaye alipanda juu ya bati la paa na kutukatalia.

Tulipofika chini wakakuta hakuna kiwanja, kuna shule tu. Hapo nilitukanwa na watu wa rika zote. Fundi mwashi alisema atanishitaki kwa kumdanganya, nikamwambia aanze kwa kukumbuka neno nililomdanganya nalo. Akakumbuka mpaka akachoka. Akasema kesho anarudi kwake na mlango wake.

Hiyo kesho, saa tano mchana, tukiwa kwenye foleni ya bomba, ardhi ikakohoa. Nasema ikakohoa kwa sababu haikulipuka. Mlima ulipasuka ubavuni, hapo juu ya kisima cha namba 12 alichokifuta mkubwa wenu kwa kalamu nyekundu, ukatapika tope la moto, tope zito la kijivu linalokwenda kama mtu asiye na haraka. Kuanzia namba 9 mpaka 23 hazionekani. Kwetu imebaki pembe moja ya bati. Hakuna mtu aliyekufa. Sikiliza tena: hakuna. Fundi mwashi alisimama na ndoo tupu mkononi mpaka watu wakampita kwenye foleni, naye si mtu wa kupitwa. Halafu akanijia akasema, "Mzee, ulijua." Nikasema, "Nilikuwa napeleka mlango kupunga hewa." Ameniapia kuwa hataniamini tena maisha yake yote, na sasa kila asubuhi huja kunitazama nikiamka, aone naelekea wapi.

Tangazo la ofisi lilifika siku iliyofuata. Limepigwa mhuri vizuri sana. Karani naye alifika siku hiyo hiyo, kwa miguu, amechelewa kama kawaida yake.

Sasa ndilo la kukuandikia. Jana alikuja hapa bwana mmoja, viatu vina tope, kalamu mbili mfukoni. Nilimjua kabla hajasema shikamoo. Akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kidevuni, akaniuliza kama mimi ndiye Mwangalizi namba 17. Nikasema ndiye, nikamwomba radhi kwa mwezi wangu wa mtungi. Akasema hakuja kwa hilo. Anataka kujua nani alitwambia tushuke, kwa sababu ofisi haikuwa imesema, na kuna mfanyakazi wake ambaye ana wasiwasi naye. Akauliza kama nina ndugu mjini. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, kila mzee ni mjomba wa mtu."

Akasema anasikia ilikuja barua. Nikasema imekuja, barua za nyumbani hazifichwi, nikampa aisome mwenyewe. Akasoma. Sehemu ya ofisi na kikao, ambayo wino wake mama yako aliumwagia chai kwa bahati mbaya, hakuiona vizuri. Sehemu ya vifungo aliisoma mara tatu.

"Hii ni nini?"

Mama yako akamjibu kutoka dirishani, bila kuacha kukanyaga cherehani: "Ni vifungo. Mimi ni mshonaji."

"Naomba niwaone hao vitano."

Maskini, msomi mzima, hofu imemfanya avihesabu vifungo kama watu. Nikampa bati. Akamwaga mezani. Akahesabu, akahesabu tena kwa kidole. Vinne, vyeupe vyote.

Unajua mama yako alifanya nini ile siku ya tope? Alikitoa kile chekundu akakishona kwenye shati langu jeupe, hapa kifuani, kwa uzi mara mbili. Alisema hakirudi ndani ya bati tena wakati yeye yu hai.

"Mzee," akasema yule bwana, "cha tano kiko wapi?"

"Hesabu nilizipa kisogo darasa la nne," nikamwambia.

Akaniangalia usoni. Kisha macho yakashuka taratibu mpaka kifuani, yakatua. Cherehani ikanyamaza. Nikahesabu moyoni kama nahesabu kisimani, nikafika hamsini na ushee. Mara nikamsikia akicheka, kwa pua tu. Akavirudisha vile vinne ndani ya bati kimoja kimoja, akalifunga, akampa mama yako mkononi, akatoa shikamoo mbili, akatoka.

Kalamu mbili, mpwa wangu, na hakuandika.

Njoo Jumamosi. Lete miwani yoyote, mama yako ataisingizia kuwa inamfaa. Na umuulize huyo jirani yako wa mawe ya mbinguni bati lake yeye lina vifungo vingapi. Mlango ninao bado, nataka tu kujua niufunge upande gani.

Mjomba wako, darasa la tano.